Gari Jekundu na Viatu vya Teksi

Davy Businge alikuwa amekaa vizuri kwenye kiti chake, mikono juu ya usukani, miwani ya jua bado puani. Ungedhani anangoja ng'ombe wapite aendelee na safari. Shingo tu ndiyo iliyoharibu picha: ilikuwa imekwenda upande ambao shingo ya mtu aliye hai haiendi.

Gari lake jekundu lilikuwa limeegemea mwamba kwa ubavu wa kulia, chini ya barabara ya Komanda, mahali inapoteremkia mto Shari. Gurudumu la mbele la kulia halikuwapo. Lilikuwa limeaga kabla ya ajali, likakata shamba la mihogo peke yake, likamkosa mbuzi, likaenda kujilaza mbele ya mlango wa mama mmoja aliyekuwa akitwanga. Mama yule alikataa katakata kulirudisha. Alisema kitu kikijileta chenyewe mpaka mlangoni, ni chako.

Inspekta Émilienne Ufoyuru aliteremka bondeni pekupeku, viatu mkononi. Alikuwa mtu wa Mahagi, mfupi, mnene kiasi, na mahabusu wa Bunia walikuwa wakiapa kwamba macho yake yangemfanya jogoo aungame kutaga. Juu barabarani watu walikuwa wamejaa kama siku ya soko, na hakuna aliyekuwa na neno jema.

"Ni zile roue!" mmoja alipiga kelele, kidole kikionyesha magurudumu. "Voiture ya sport wameivalisha roue ya taxi!"

"Anaclet njo amemuua! Yule quado!"

"Mama Inspecteur, utuletee ye, siye tutamaliza kazi!"

Émilienne alichuchumaa penye gurudumu lililokosekana. Misumari mitano ya kushikia nati ilikuwa bado mahali pake, meno yake yamekwaruzika, lakini nati hazikuwapo hata moja. Akahamia gurudumu la nyuma, la kulia vilevile. Akagusa nati kwa vidole. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa ya soda.

"Zimelegea," alimwambia askari wake. "Andika. Vuteni gari mpaka kituoni, na mtu asiliguse. Ni kielelezo."

Daktari aliyeletwa alisema shingo ilivunjika papo hapo. Émilienne akapanda juu na kuvaa viatu. Kichwani tayari alikuwa na jina la mshukiwa, na lilikuwa lilelile watu walilokuwa wakipigia kelele. Jambo hilo halikumpendeza. Kila alipokubaliana na umati, aliangalia mara ya pili.

Bunia nzima ilijua habari za magurudumu yale. Davy alikuwa ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Nizi, na dhahabu ikamnunulia gari. Lilipita Kampala, likaingilia Mahagi, likafika limechoka, tumbo likilamba vumbi. Matairi yake yalikuwa membamba kama chapati, na mashimo ya Bunia yakayala yote kabla hata wasichana hawajamaliza kuliangalia. Matairi ya aina hiyo hayakupatikana mjini. Davy, ambaye angeweza kuagiza mapya Kampala, akaona ni upuuzi kungoja. Akaokota magurudumu manne ya Noah moja iliyokufa, teksi ya watu, janti zake za chuma zimekula kutu. Akampelekea Anaclet, quado wa karibu na soko, mtu wa kuziba matairi, akamwambia: funga.

Mji ukacheka mpaka ukakohoa. Gari la suti, limevaa kandambili! Walevi, wachungaji, wauza petroli ya chupani, wote walitabiri jambo moja: zile roue zitamuua.

Sasa zilikuwa zimemuua, na mji ulikuwa na hasira kwa kuwa sahihi.

Anaclet hakukamatwa. Alikuja mwenyewe kituoni akikimbia, shati limechanika, ufunguo wa msalaba wa kufungulia magurudumu mkononi, na nyuma yake kibanda chake kikitoa moshi. Askari walimfungia mahabusu kwa usalama wake kwanza, kwa kosa lake baadaye.

"Keti," Émilienne alisema.

"Sikai."

"Ulifunga zile roue?"

"Nilifunga."

"Ulikaza buloni, zile nati?"

"Nilikaza."

"Zote?"

"Mama, weye unapikaka sombe nusu, nusu unaacha mbichi? Zote!"

"Basi juu ya nini za kuume zilikuwa zinazunguka na vidole?"

Anaclet alikaa. Alikuwa mtu mkavu, mwenye ndevu za mbuzi na mdomo uliomgharimu wateja wengi. "Sijue," alisema. "Ile roue ya Noah, tundu ya katikati ni kubwa kupita ya ile gari. Nilikata sufuria ya bibi yangu, nikatengeneza pete, nikajaza. Bibi yangu alinitukana mpaka babu zangu. Mutu anaharibu sufuria ya bibi yake juu ya gari ya mutu, kisha anaacha buloni wazi?"

"Mulipigana na Davy. Batu walisikia."

"Hatukupigana. Nilimwambia: hii gari usikimbize. Akaniambia miye ni fundi wa wilbaro. Nikamwambia basi kufa."

"Ulimwambia kufa?"

"Njo nilimwambia. Na amekufa. Sasa unataka nini, nilie?"

"Ufunguo wako ni huu tu?"

"Huu tu. Kama unataka kuniibia na huu, iba. Kibanda wamekwisha kuchoma."

Émilienne alimtazama kwa yale macho ya jogoo. Anaclet alimrudishia macho yaleyale. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi inspekta kuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Nje, kelele zilikuwa zinapanda. Mkuu wa kituo, mtu mrefu aliyependa mambo mafupi, alimngoja kwenye korido.

"Umemaliza?"

"Bado, mon commandant."

"Unangojea nini? Roue ni mbaya, quado ni mubaya, mutu amekufa. Familia iko inakuya leo kuweka plainte. Wakisha signer, ye anaenda parquet."

"Kupita mule mu batu? Hatafika."

"Basi hatafika," mkuu wa kituo alisema. "Unataka wachome kituo juu ya quado moja?"

Émilienne alielewa. Kama jina la mlalamikaji lingewekwa kwenye ile plainte, karatasi ya mashtaka, Anaclet angetolewa mlangoni apelekwe parquet, kwa waendesha mashtaka, na kutoka mlangoni mpaka kwenye gari la polisi kulikuwa na umati. Hakuna hakimu angepata kazi ya kufanya.

Akaenda uani. Gari jekundu lilikuwa limefikishwa, limekaa chini kama mbwa aliyepigwa. Akachukua ufunguo wa Anaclet, kusudi aone kama unaingia kwenye nati za magurudumu yale. Uliingia barabara. Akazunguka upande wa kushoto, ambao kule bondeni hakuugusa, kwa sababu gurudumu lililoua lilikuwa la kulia. Akaweka ufunguo, akavuta.

Nati haikusogea.

Akavuta tena. Akamwita askari wake, kijana aliyekuwa anabeba magunia kabla hajavaa sare. Kijana akavuta mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Haikusogea.

"Hii ilifungwa na shetani," kijana alisema.

Émilienne akainama. Nati zote za kushoto, za mbele na za nyuma, zilikuwa zimekazwa hivyo. Moja haikuwapo kabisa: msumari wake ulikuwa umekatika katikati, chuma kikiwa bado cheupe, bila kutu. Umekatwa kwa kukazwa. Na ufunguo wa msalaba, mfupi kama mkono wa mtoto, hauwezi kukata msumari wa chuma hata ukipandwa na askofu.

Kulia, zimelegea zote. Kushoto, zimekazwa mpaka chuma kimepasuka. Fundi mzembe angelegeza ovyo ovyo. Fundi mwangalifu angekaza sawasawa. Huyu alikuwa nani, aliyefanya nusu ya gari kitu kimoja na nusu nyingine kinyume chake?

Alikaa juu ya tairi la zamani, akafikiri. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kizuizi cha Komanda, pale barabara zinapokutana, siku zote vumbi na madereva wenye matusi. Alikuwa ameona malori mangapi yakibadilisha matairi? Wasaidizi wakisimama juu ya bomba refu la chuma lililovishwa kwenye ufunguo, wakirukaruka. Upande wa kulia wa lori walirukia upande mmoja. Upande wa kushoto walirukia upande mwingine. Siku moja aliuliza, na dereva akamcheka: mama, hizi Fuso za zamani, buloni za kushoto zinafungukaka kinyume, juu mwendo isizilegeze.

Émilienne alisimama taratibu.

Hakukuwa na mtu aliyekaza chochote. Mtu alikuwa amelegeza nati zote, gari zima, pande zote mbili, kwa bomba refu na kwa haraka. Ila mkono wake ulikuwa mkono wa lori. Kulia, alizilegeza. Kushoto, mkono ukafuata mazoea yake, ukazungusha kinyume, na kila alipodhani nati ngumu imeachia, alikuwa anazidi kuikaza.

Anaclet hajawahi kugusa lori. Alikuwa mtu wa teksi na pikipiki.

Nyumbani kwa Businge matanga yalikuwa yamejaa. Viti vya plastiki, wanawake wakilia kwa zamu, maziwa na chai vikipita. Émilienne alipoingia, kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Unatafuta nini huku?" shangazi wa marehemu, Domitille, alimsimamia mlangoni. "Muuaji iko kwenu. Mulishe ye vizuri, anenepe."

"Pole, mama. Nina kaulizo kamoja. Kisha kuvaa zile roue, gari ililala wapi?"

"Hapa! Ndani ya parcelle, mu kiwanja yetu, chini ya turubai. Portail ilikuwa imefungwa na kufuli. Unafikiri siye tunaacha gari ku barabara kama batu wa Mahagi?"

Émilienne alimeza hiyo bila maji. "Na siku ya ajali?"

"Ilikuwa hapo hapo. Mvua ilinyesha mingi kisha ya kula, kila mutu alikuwa ndani. Mvua ikakatika, Davy akasema anaenda kuijaribu ku njia ya Komanda, juu siku ya posho, hii Jumamosi inakuya, alitaka kuwa mbele ya cortège, ule msafara ya kwenda kwa bakwe zake. Akaenda. Akaenda hivyo."

"Kila mutu alikuwa ndani?"

"Nimesema."

"Hata mimi?" sauti ilisema nyuma yake. "Uliza basi na mimi, Inspecteur. Sitaki usahau mutu."

Alikuwa Willy, kaka mkubwa wa Davy. Mabega mapana, mikono ya kubeba, macho mekundu ya mtu aliyelia au aliyekunywa. Watu waliochoma kibanda cha Anaclet, Émilienne alikumbuka ripoti, waliongozwa na mtu huyu akiwa na kidumu cha petroli.

"Ulikuwa ndani?"

"Nililala."

"Unafanyaka kazi gani, Willy?"

Domitille ndiye aliyejibu, kwa chuki ya kuulizwa. "Alikuwa chauffeur. Fuso ya muzee, njia ya Komanda, miaka yote ile ya bunduki. Muzee aliiuzisha. Sasa anaosha gari ya mudogo wake. Umefurahi?"

"Nimesikia," Émilienne alisema. Akamgeukia baba wa marehemu, mzee aliyekaa kwenye kona, mkongojo katikati ya magoti. "Muzee Julien, pole sana. Plainte iko tayari. Inabakia kuweka jina yenu tu. Weye na Willy. Nina jeep."

Willy alisimama kabla baba yake hajainua kichwa. "Twende," alisema. "Twende sasa hivi. Yule mutu alale parquet leo."

Jeep ya polisi ilikuwa ya zamani kuliko askari wengi. Émilienne aliendesha mwenyewe. Mzee Julien mbele, Willy nyuma, akiwa ameinamia mbele kama anayesukuma gari kwa kifua. Kabla ya kufika kituoni, kwenye kona iliyo wazi, jeep ilianza kuchechemea. Émilienne alisimamisha. Upepo aliokuwa ameupunguza kwa mkono wake kwenye tairi la nyuma la kushoto, nyuma ya ukuta wa matanga, ulikuwa umefanya kazi yake.

"Pine imekufa," alisema. "Tutangojea askari walete nyingine."

"Kungojea?" Willy aliruka chini. "Roue ya secours si hii hapa?"

"Iko. Lakini miye sijue mambo ya buloni."

"Mwanamuke na jeep!" Alikuwa tayari ameshachomoa ufunguo na bomba refu chini ya kiti. "Ondoka hapo, utaumia."

Émilienne aliondoka. Alirudi nyuma mpaka akaegemea bodi la jeep, karibu na dirisha la mzee, na mkono wake ukakaa juu ya kiuno, penye bastola.

Willy alichomeka ufunguo kwenye nati ya kushoto. Akavisha bomba juu yake. Hakufikiri, kama vile mtu asivyofikiri akipeleka kijiko mdomoni. Bomba likaenda kulia. Nati ikakataa. Akapanda juu ya bomba kwa mguu, akaruka. Chuma kikalia.

"Imekamata," alisema kwa hasira.

"Ruka tena," Émilienne alisema kwa upole. "Za Davy si zilikamata vilevile?"

Mguu ulibaki juu ya bomba.

"Kushoto ilikuwa nguvu, si ndiyo? Mpaka msumari moja ikakatika. Lakini haukujiuliza, juu mvua ilikuwa inapiga turubai na ulikuwa na haraka. Ulifikiri umefungula zote. Kumbe ulifungula za kuume tu. Za kushoto ulizikaza, Willy. Mukono yako iko bado mu Fuso."

Willy alitazama bomba. Akatazama mikono yake, kwanza mmoja, kisha mwingine, kama wafanyakazi waliomsaliti.

"Ni bongo, uongo mutupu," alisema.

"Rusha basi bomba upande wa kushoto. Nati itafunguka. Lakini haukurusha upande ile. Anaclet hajakamata lori hata siku moja. Mu parcelle yenu, nani mwingine alikamata?"

"Ni roue za taxi. Mji muzima ulisema zitamuua."

"Njo maana ulizingojea. Mutu akisikia kitu ile kila siku, anaona kazi yote imekwisha kufanywa. Inabakia kuongeza kidogo tu."

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mzee Julien hakushuka. Aliweka mkongojo chini tu, kama anayetafuta ardhi. "Willy," alisema. "Anasema nini huyu mama?"

Hapo ndipo ukaidi ulipovunjika. Willy aliketi juu ya tairi la akiba, palepale barabarani, pikipiki zikipita na kupiga honi.

"Sikutaka afe," alisema. "Nilijua posho anaenda kwa bakwe zake. Cortège inaendaka pole pole. Nilitaka ile roue itoke mbele ya bakwe, ile gari ianguke na tumbo mu matope, batu wacheke. Hiyo tu! Ye njo alitoka siku ile ile kukimbia ku Komanda. Nilikuwa naosha gari yake, baba, unajua? Alinipatia sponge. Akaniambia: kaka, siku ya cortège utabeba makreti ya bia ku pikipiki, nyuma. Miye! Nilipita Komanda na batu wanapiga masasi, motor-boy, musaidizi wangu, akanifia ku mapaja, nikaleta chumvi yenu, sabuni yenu, chakula yenu. Kisha muliuzisha Fuso yangu munamununulia ye kitu kya kuchezea!"

"Na Anaclet?" Émilienne aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza upole wote. "Davy haukutaka afe. Sawa. Lakini kidumu ya petroli, njo weye uliibeba. Leo pia ulikuwa unakimbia kuweka jina. Huyu ulitaka afe, au huyu pia utasema ni roue?"

Willy alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Hilo ndilo swali ambalo lingemfunga.

Mzee Julien aliangalia barabara. Alipozungumza, hakumtazama mwanawe.

"Ile gari, Davy alinunua na zahabu yake," alisema. "Haikutoka ku Fuso. Pesa ya Fuso ilinunua ng'ombe. Ziko kwa mujomba wako. Ni zako, za kuolea."

"Muongo," Willy alisema kwa sauti ndogo.

"Ile siku ulirudi na damu ya yule kijana ku suruali, mama yako hakula. Kila ukienda Komanda, miye nilikuwa nakaa ku portail nangojea waniletee maiti yako. Nikachoka. Nikauzisha. Ningekuambia, ungekubali? Ungesema nakufanya mutoto. Nikanyamaza. Nikasema, acha anichukie, lakini awe muzima."

Émilienne alifunga pingu. Willy hakupinga. Kisha inspekta akachukua ufunguo, akarusha bomba upande wa kushoto, na nati zikafunguka moja baada ya nyingine bila kelele.

Umati ulikuwa umezunguka kituo. Waliona jeep, wakaanza kupiga makofi na kuimba jina la Anaclet kwa namna ambayo mtu hapendi jina lake liimbwe. Mlango wa nyuma ulipofunguka wakasogea. Aliyeteremka alikuwa Willy Businge, kiongozi wao, mikono mbele, na chuma juu ya mikono.

Wimbo ulikufa mstari kwa mstari. Waliokuwa nyuma waliendelea kidogo, kwa kuwa hawakuona.

"Huyu njo aliwaongoza kuchoma," Émilienne alisema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Huyu njo alilegeza. Nani iko na kidumu leo? Anyanyue mukono, nimuone."

Hakuna mkono uliopanda. Mkuu wa kituo, aliyekuwa mlangoni na kalamu tayari, alimtazama mzee Julien, kisha karatasi, kisha akairudisha kalamu mfukoni.

Anaclet alitolewa. Alisimama ngazini, macho yakizoea mwanga, akitafuta kwenye nyuso zile ni nani aliyemfahamu. Aliwafahamu karibu wote. Alikuwa amewazibia matairi. Mmoja mmoja walianza kukumbuka kwamba wana kazi nyumbani.

"Uko huru," Émilienne alisema.

"Huru ya kwenda wapi?" Anaclet alijibu. "Kibanda iko majivu."

Mzee Julien alikuwa amebaki kwenye jeep. Alishuka polepole, akavuka ule uwanja uliokuwa umeachwa wazi na watu waliokuwa wakirudi nyuma, akasimama chini ya ngazi. Hakuomba msamaha. Alivua kofia yake tu, mbele ya quado, na akabaki hivyo kichwa wazi, mpaka Anaclet, ambaye alikuwa amekusanya tusi zima mdomoni, akashindwa kulitoa.